Mjue Mbwa Wako Akiwa Mzima

Mbwa hasemi kwamba anaumwa. Tena si kwamba hana maneno tu, ana tabia ya kuficha. Atatafuna chakula kwa jino bovu, atakufuata nje huku nyonga inamuuma, atatikisa mkia mbele ya daktari hali ana homa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Binadamu anaweza kuonywa kwa methali hiyo akasikia. Mbwa hawezi, kwa hiyo kazi ya kuyafichua maradhi yake inamwangukia yule anayeishi naye.

Nimeishi na mbwa kwa miaka mingi. Wa sasa ni wawili: Jasiri, dume ambaye umri umekwenda, na Doa, jike mdogo kwake, mwenye baka jeupe kifuani. Kama kuna jambo walilonifundisha kuliko yote, ni kwamba huwezi kumtambua mbwa mgonjwa ikiwa hujui anavyokuwa akiwa mzima. Watu wengi hukariri dalili za magonjwa. Dalili ni nyingi mno na nyingi zinafanana: kutapika, kulegea, kukataa chakula. Mimi nimeona ni afadhali kuusoma uzima wa mbwa mmoja, huyu wa kwako, mpaka badiliko dogo tu likugutue.

Aliyenianzisha ni daktari wa mifugo aliyempokea Jasiri akiwa bado mtoto. Alipomaliza kumchanja hakutuaga. Alisubiri atulie, akaniambia niweke mkono ubavuni mwake nihesabu. Mbwa mzima aliyelala hupumua chini ya mara 30 kwa dakika. Idadi hiyo ikipanda siku baada ya siku huku amelala, moyo au mapafu yanahitaji kuchunguzwa. Kisha akanyanyua mdomo wa juu, akabonyeza ufizi kwa kidole hadi ukawa mweupe, akaachia. Rangi ya waridi inatakiwa irudi ndani ya sekunde 2. Ufizi uliopauka huashiria upungufu wa damu au damu isiyozunguka vizuri, wa manjano huashiria ini lenye shida au chembe za damu zinazovunjika, na wa samawati huashiria kukosa hewa. Mbwa wengine wana fizi nyeusi kwa asili, na kwao hutazamwa utando wa ndani ya kope la chini. Joto la mwili, likipimwa kwa kipimajoto kwenye njia ya haja kubwa, huwa kati ya nyuzi 38 na 39.2 hivi. Ndiyo maana mbwa mzima kabisa huwa wa moto kwenye kiganja cha mtu, na ndiyo maana pua kavu peke yake haithibitishi kitu.

Tangu hapo nimejiwekea zoea la kuwapapasa mwili mzima kila wiki. Naanza kichwani. Masikio nayanusa, kwa sababu sikio lenye maambukizi mara nyingi hunuka kabla halijatoa uchafu. Mdomoni naangalia meno, ambayo kwa mbwa mkubwa ni 42, na mpaka kati ya jino na ufizi, ambako utando mgumu wa kahawia hujijenga na kuanzisha ugonjwa. Nawapiga mswaki kwa dawa ya meno ya mbwa. Ile ya watu haifai, maana mbwa huimeza. Halafu shingo, kwapa, tumbo, mkia, na katikati ya vidole. Uvimbe nikiukuta naupima kwa rula na kuandika mahali ulipo, ili mwezi ujao nisibishane na kumbukumbu yangu. Mwanzoni Doa aliuchukia mkono kwenye nyayo zake. Nilimgusa kidogo na kumpa kitu kitamu, nikarefusha polepole, na leo ananyoosha mguu mwenyewe. Jambo hilo lina faida nyingine kubwa: mbwa aliyezoea kushikwa hutibiwa bila kuteswa.

Hapo ndipo kupe hupatikana. Hupenda ndani ya masikio, katikati ya vidole na chini ya mkanda wa shingo. Mkamate kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumminya. Kumchoma au kumpaka mafuta hakufai. Kupe huambukiza magonjwa ya damu kama babesia na erlikia, na mbwa anaweza kuonekana amechoka tu kumbe damu inaharibiwa ndani. Kuhusu viroboto, wale unaowaona wakirukaruka ni sehemu ndogo ya tatizo. Mayai, mabuu na bundo (hatua kati ya buu na kiroboto mzima) wako kwenye tandiko na nyufa za sakafu, kwa hiyo kumtibu mbwa bila kufua na kufagia ni kujichosha. Na tafadhali, kama nyumba hiyo ina paka, soma kibandiko cha dawa kwanza. Baadhi ya dawa za kupe za mbwa zina pamethrini, ambayo mbwa huivumilia na paka huuawa nayo.

Ishara iliyomwokoa Doa ilikuwa bakuli la maji. Wiki chache baada ya kutoka kwenye joto, yaani kipindi cha jike kutaka dume, niliona bakuli linakauka mapema kuliko kawaida. Alikula, ingawa kwa kuchagua. Alicheza, ingawa kwa muda mfupi. Usiku aliomba kutoka kukojoa, jambo asilokuwa nalo. Hakutoa usaha wala damu. Mtu anayemwona kwa mara ya kwanza angesema ni mbwa mzima, lakini mimi nilijua bakuli lile hujazwa mara ngapi, nikampeleka siku hiyo hiyo. Mashine ya mawimbi ya sauti ilionyesha mfuko wa uzazi uliojaa usaha.

Ugonjwa huo huitwa payometra. Baada ya joto, homoni ya projesteroni huunenepesha utando wa mfuko wa uzazi, na bakteria wakiingia hupata mahali pazuri pa kuzaliana. Kwa kawaida hujitokeza ndani ya miezi miwili hivi baada ya joto, hasa kwa majike ambao umri umesogea. Mlango wa mfuko ukiwa wazi utaona usaha ukitoka. Ukiwa umefunga hutaona chochote, na hiyo ndiyo hali ya hatari zaidi: sumu za bakteria huingia kwenye damu na kuvuruga figo, mbwa anakunywa na kukojoa kupita kiasi, na mfuko unaweza kupasuka tumboni. Doa alifanyiwa upasuaji, mfuko na ovari vikaondolewa, akapona vizuri. Ningemngojea aonyeshe maumivu, huenda nisingekuwa naye.

Kiu nimekuja kuiheshimu kuliko dalili nyingine zote. Kisukari, ugonjwa wa figo, matatizo ya tezi za adrenali zilizo juu ya figo, vyote huanza kujitangaza bakulini. Na kuhusu kufunga kizazi, yaani kuondoa mfuko na ovari kama alivyofanyiwa Doa, msimamo wangu ni kwamba jike asiyekusudiwa kuzaa afungwe kizazi, kwa sababu hakuna dawa inayoizuia payometra kwa uhakika kama huo, na akifungwa mapema hatari ya saratani ya matiti hupungua pia. Umri wa kufanya hivyo ni wa kuzungumza na daktari, maana mbwa wa mbegu kubwa mara nyingi hufaidika kwa kusubiri mifupa na viungo vikomae.

Lakini yapo maradhi ambayo jicho kali halisaidii, kwa sababu linapoona muda umekwisha pita. Kichaa cha mbwa ndicho cha kwanza. Kirusi chake huingia kwa mate kwenye jeraha, husafiri polepole kupitia neva hadi kwenye ubongo, safari ya wiki kadhaa au miezi, na dalili zikishaanza, awe mbwa awe mtu, kifo ni karibu hakika. Tarehe 6 Julai 1885 Louis Pasteur na wenzake walimpa chanjo Joseph Meister, mvulana wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa, na akaishi. Kinga tunayo tangu wakati huo. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, karibu asilimia 40 yao wakiwa watoto wa chini ya miaka 15, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Takwimu hiyo hunihuzunisha kila ninapoikumbuka, maana kumchanja mbwa kwa wakati wake huzuia yote hayo, na eneo likichanja asilimia 70 ya mbwa wake ugonjwa hukosa njia ya kuenea.

Chanjo ya kwanza kwa kawaida hutolewa mbwa akifikisha miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka, kisha kila mwaka au kila miaka mitatu kutegemea aina ya chanjo na sheria ya mahali. Weka cheti. Mtu akiumwa au akikwaruzwa na mbwa asiyejulikana, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, bila kungoja kuona mbwa atakuwaje. Nitaongeza jambo moja ambalo husahaulika: si kila mbwa mwenye kichaa huwa mkali. Wengine hujificha, taya hulegea, mate hutiririka, na mwenye mbwa hufikiri amekwama mfupa kooni akaingiza mkono mdomoni. Usiingize mkono. Mwite daktari.

Maradhi ya pili ni parvo. Kirusi hiki kilijitokeza kwa mbwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na kwa muda mfupi kikazunguka dunia. Huua watoto wa mbwa kwa kuhara damu na kutapika, na hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Sabuni nyingi hazikiui. Dawa ya klorini ndiyo inayokiweza. Hapa watu wengi wema hupotezwa na hesabu ya sindano. Wanamchanja mtoto mara moja wakadhani ana kinga, halafu anakufa wakilaumu chanjo. Ukweli ni kwamba kinga aliyoipata kwenye maziwa ya mama huizuia chanjo isifanye kazi, na hakuna ajuaye kinga hiyo itaisha wiki gani kwa mtoto yupi. Ndiyo sababu sindano huanza wiki ya 6 hadi ya 8, hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, na ya mwisho hutolewa akiwa na wiki 16 au zaidi. Ile ya mwisho ndiyo isiyotakiwa kukosekana.

Kuna mgongano hapo. Umri uleule ambao mtoto wa mbwa hana kinga kamili, tangu wiki ya 3 hadi ya 14 hivi, ndio umri ambao akili yake huamua dunia ni mahali pa aina gani. Asichokutana nacho kwa wema wakati huo anaweza kukiogopa maisha yake yote: watoto, baiskeli, mtu mwenye kofia, sauti ya ngurumo. Kumfungia ndani mpaka sindano ziishe humlinda na parvo na kumwachia woga. Doa nilimbeba mikononi. Aliona barabara akiwa kifuani kwangu, alisikia magari, alinusa wageni waliofika nyumbani, alicheza na Jasiri aliyechanjwa, ila hakukanyaga mahali wanapopita mbwa nisiowajua. Leo hatishwi na mengi.

Minyoo sitaisemea sana, isipokuwa kwamba mbwa huzaliwa nayo. Mabuu ya minyoo ya mviringo hupita kutoka kwa mama kabla ya kuzaliwa, kwa hiyo dawa huanza mtoto akiwa na wiki 2 tu, na mayai ya minyoo hiyo yakimezwa na mtoto wa binadamu huweza kumdhuru hadi macho. Kinyesi cha mbwa kiokotwe.

Ndani ya nyumba nimekuwa mkali kuhusu vitu vya kumeza. Chokoleti ina theobromini, ambayo mwili wa mbwa huiondoa polepole mno. Nyeusi ni mbaya kuliko ya maziwa. Zabibu, mbichi au kavu, huweza kuua figo, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwa kila mbwa. Vitunguu, pamoja na kitunguu saumu, huvunja chembe nyekundu za damu. Zailitoli, sukari mbadala iliyomo kwenye peremende na bazoka nyingi, hushusha sukari ya damu kwa kasi, wakati mwingine ndani ya nusu saa. Mifupa iliyopikwa hupasuka kuwa vipande vyenye ncha. Hatari inayoniudhi zaidi ni ile inayotolewa kwa huruma: mtu anamwona mbwa anachechemea, anampa kidonge chake mwenyewe cha maumivu. Aibuprofeni hutoboa tumbo na kuharibu figo, parasetamoli huharibu ini na damu. Maumivu ya mbwa yana dawa zake.

Sumu ya panya ya kuzuia damu isigande ni ya kuogopwa kwa sababu mbwa huonekana mzima siku 3 hadi 5 kabla ya kuanza kuvuja damu ndani. Ukimwona ameila, nenda kabla ya dalili, na uende na pakiti. Usimtapishe kwa chumvi wala kwa ushauri wa jirani. Daktari ndiye ajuaye ni sumu ipi hutapishwa na ipi itamuunguza koo mara ya pili.

Joto nalo huua haraka. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, hujipoza kwa kutweta, na hewa ikiwa ya moto kutweta hakumsaidii. Gari lililoegeshwa juani hupanda nyuzi zaidi ya 10 ndani ya dakika 10, na kuacha kioo wazi kidogo hakubadilishi jambo. Wenye pua bapa huzidiwa kwanza. Mbwa aliyezidiwa na joto mmwagie maji mwilini, mpepee, na uende kwa daktari huku ukiendelea kumpoza.

Kuhusu chakula nasisitiza kiasi kuliko kitu kingine. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuata mbwa 48 wa mbegu ya Labrador maisha yao yote. Nusu walipewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko ndugu zao wa tumbo moja. Wale wembamba waliishi karibu miaka miwili zaidi, na maumivu ya viungo yaliwachelewa. Sijui dawa inayompa mbwa miaka miwili. Kipimo changu ni vidole: mbavu zisionekane kwa mbali, lakini nikizipapasa nizihisi bila kubonyeza, na nikimtazama kutoka juu nione kiuno. Jasiri ana macho ya kuombaomba yanayoweza kulainisha jiwe. Ninampa mkono wa kumkuna badala ya tonge.

Afya ya mwili si furaha, ingawa hukaa nyumba moja. Mbwa mwenye tumbo lililoshiba na banda safi anaweza kuwa na huzuni ikiwa pua yake haina kazi. Kunusa ndiko kusoma kwake. Nikitoka nao sihesabu umbali, nawaacha wasimame kwenye kichaka wanachokitaka mpaka wamalize. Nyumbani naficha punje za chakula chini ya vitambaa wazitafute. Baada ya hapo hulala usingizi mzito kuliko baada ya kukimbia.

Adhabu niliacha kuiamini zamani. Watu husema mbwa hujua kosa lake, tazama anavyoinamisha masikio! Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz alilipima jambo hilo na akaona sura hiyo ya hatia huja pale mwenye mbwa anapogomba, awe mbwa ametenda kosa au hakutenda. Tunachokiona ni woga. Vivyo hivyo kuunguruma: ni onyo, na onyo ni zawadi kwetu. Mbwa anayepigwa kwa kuunguruma hujifunza kunyamaza, na siku nyingine huuma bila kutangaza. Kabla ya kuunguruma huwa amekwisha sema mengi: amejilamba mdomo bila chakula, amepiga miayo bila usingizi, amegeuza uso, weupe wa macho umeonekana. Watoto wote wanaofika nyumbani nawafundisha ishara hizo, na nawakataza kumsogelea mbwa anayekula au aliyelala. Sijawahi kumwacha mtoto mdogo peke yake na mbwa, hata Jasiri, ambaye namwamini kuliko mbwa yeyote niliyewahi kumjua.

Sasa Jasiri ni mzee, na uzee umenilazimu kuusoma uzima wake upya. Kuamka polepole asubuhi ndiko kawaida yake ya leo, kwa ugonjwa wa viungo, na dawa yake hupimwa na daktari kwa uzito na kwa vipimo vya figo na ini. Nimetandika mikeka kwenye sakafu inayoteleza. Matembezi yamekuwa mafupi lakini mengi. Vipimo vya damu na mkojo tunafanya mara mbili kwa mwaka, kwa sababu mwaka mmoja kwa mbwa wa umri wake ni muda mrefu. Usiku naangalia kama anazungukazunguka bila sababu au anasimama akitazama ukuta, maana akili ya mbwa mzee nayo huchoka.

Daktari alinishauri niandike sasa, nikiwa na akili tulivu, mambo anayoyapenda zaidi: kula kwa hamu, kunusa kichaka cha pembeni, kusuguliwa nyuma ya sikio, kumpokea kila anayeingia, kukimbilia mpira. Tumekubaliana kwamba yakiondoka mengi kuliko yanayobaki, tutakaa kuzungumza juu ya kumpumzisha bila maumivu. Karatasi ipo jikoni na huwa naipitia siku ya kumpapasa. Mpira tumeukata mwezi uliopita. Mengine yote yapo.